UZI: Mtoto wa Pangani nimeenda kuogelea Ufaransa, nikakuta bahari isiyokupwa (njia ya Cassis hadi En-Vau kwa miguu)

MtotoWaMto

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kuna mtu aliuliza humu kama Ulaya kuna cha kufanya zaidi ya kupiga picha na majengo. Nikamjibu kuwa siku niliyoifurahia kuliko zote nilishinda bila kuliangalia jengo, nikaahidi kuweka uzi. Ahadi ni deni. Nitaushusha vipande vipande nikipata upenyo kazini, mwenye haraka apite salama.

Nilikuwa Ufaransa wiki ya kwanza ya Septemba. Kilichonipeleka ni kozi fupi Lyon, haina hadithi. Ilipoisha nikabaki na siku 4 za kwangu, nikapanda treni hadi Marseille kwa binamu yangu ambaye ni mpishi huko. Binamu ana miaka 6 Marseille na hajawahi kuingia baharini hata mara moja. Nikamwambia hii ni aibu ya ukoo, sisi tumezaliwa mdomoni mwa mto, kesho tunaoga bahari. Akacheka sana. Nilikuja kuelewa baadaye alichokuwa anakicheka.

Kwa wasiopajua: ukitoka Marseille kuelekea kusini-mashariki hadi mji mdogo wa Cassis, pwani yote ni milima ya mawe ya chokaa, meupe yanaumiza macho, na inaishia baharini ghafla kama ukuta. Katikati ya milima hiyo bahari imejipenyeza ndani ikafanya hori nyembamba, ndefu, maji ya rangi ya feruzi. Wenyewe wanaziita calanques. Tangu 2012 eneo lote ni hifadhi ya taifa. Hori nilizotaka mimi hazina barabara, ni miguu yako tu, au mtumbwi wa plastiki wa kukodi.

Sasa, siku ya kwanza hatukwenda. Ya pili pia hatukwenda. Njia zilikuwa zimefungwa.

Nilidhani ni mgomo (Ufaransa bwana, lolote linawezekana), kumbe ni moto. Kuanzia 1 Juni hadi 30 Septemba, serikali ya mkoa inatoa ramani kila siku jioni inayosema kesho milima iko wazi au imefungwa. Misonobari imekauka, upepo ukiwa mkali cheche moja inamaliza mlima. Ikiwa nyekundu huingii, ukikutwa faini ni euro 135. Jumanne nyekundu, Jumatano nyekundu. Upepo wenyewe unaitwa mistral, unashuka kutoka bara kwa kupitia bonde la mto Rhône, na ukivuma unasikia madirisha yanaongea usiku kucha. Jumatano jioni binamu akafungua simu: kesho njia wazi.

Huo upepo muuweke akilini. Utarudi.

kaa_la_makumbi

Nimekaa siti ya mbele, karanga mkononi.

Mkaguzi Mkuu

Yaani mtu anatoka Pangani, pwani iko bure, mchanga mpaka uchoke, anaenda kupanda mawe Ufaransa ili aogelee. Watu mna hela.

MtotoWaMto

@Mkaguzi Mkuu nauli walilipa wenye kozi, tulia. Na Pangani sijaihama, nitaitaja sana humu kuliko utakavyopenda.

Tuendelee. Alhamisi asubuhi, saa 12 na nusu, tumepita mtaa wa Noailles kununua chakula cha njiani. Pale kuna mama alikuwa na beseni la mikate ya duara, amejifunga leso kichwani kama mama yangu mzazi. Binamu kampa hela, mimi kwa mazoea nikasema "asante mama". Akaniangalia, akatabasamu, akasema "marahaba". Nikasimama kama nimepigwa na shoti. Sijamwamkia shikamoo, marahaba ya nini? Binamu akanivuta mkono: "Huyo Mngazija. Kwao marahaba ndiyo asante." Mkate anauita mkatra.

Marseille imejaa Wangazija, watu wa visiwa vya Komoro, makumi ya maelfu, wa kwanza walikuja kama mabaharia wa meli za Kifaransa. Unatembea sokoni unasikia maneno unayoyajua nusu nusu, kama redio iliyo katikati ya stesheni mbili. Siku nzima ile, kila mtu aliyetusemesha njiani alituuliza jambo moja tu: nyinyi ni Wakomoro?

Basi tukapanda basi pale Castellane. Linapanda mlima wa Gineste, kona juu ya kona, upande mmoja mawe, mwingine bonde, kisha linakushusha Cassis. Mji mdogo, bandari ya boti za uvuvi na mikahawa. Ukigeuka mashariki unaona jabali kubwa la rangi ya udongo mwekundu, Cap Canaille, mita 394 kutoka majini. Magharibi ndiko kweupe, ndiko tunakokwenda sisi.

Pale ufukweni pana kibanda cha waokoaji chenye ubao. Hali ya bahari: shwari. Upepo: dhaifu. Maji: nyuzi 16.

Nikamuuliza binamu, hiyo 16 si wamekosea? Jana yake hewa ilikuwa 27. Akaanza kucheka tena.

Likoni_Ferry_Survivor

Nyuzi 16 si maji ya kuoga hayo, ni ya kuweka soda. Huku Mombasa ikishuka 25 tunasema bahari ina homa 😂

BiHidaya

Endelea mwanangu, tunakusikiliza. Mkate ulikuwa mzuri lakini? Hujasema.

MtotoWaMto

@BiHidaya shikamoo. Ulikuwa mzuri, una ufuta, tuliumaliza mmoja ndani ya basi. Hilo nalo lilikuwa kosa, nitaeleza.

Kutoka bandarini Cassis unatembea kama nusu saa kupita nyumba za wenye nazo hadi hori ya kwanza, Port-Miou. Hii ni ndefu kuliko zote, zaidi ya kilomita, imejaa mashua za kifahari zimefungwa pande zote mbili kama ng'ombe zizini. Si ya kuogelea. Zamani walichimba mawe hapo, ukipita unaona ukutani mabaki ya machimbo na mahali pa kumiminia mawe ndani ya meli. Njia yenyewe ni rahisi, hata mwenye kigari cha mtoto anasogea kidogo. Binamu alikuwa amevaa sandali. Nikamwambia hizo vipi, akasema "wewe si ulisema tunaenda pwani?"

Unafuata mistari miwili iliyopakwa kwenye mawe, nyekundu na nyeupe. Dakika 20 au 30 mbele unashukia Port-Pin, hori ndogo yenye misonobari mpaka karibu na maji na kipande cha ufukwe. Pale nilitaka kuvua nguo nimalize kazi. Pembeni pamejaa majani ya kahawia yamelundikana hadi magotini, binamu akasema wazungu nao wachafu kumbe. Si uchafu. Ni nyasi za baharini, zinaitwa posidonia, zinaota chini kwenye mchanga na zikifa zinatupwa ufukweni. Hawazizoi kwa makusudi kwa sababu ndizo zinazozuia wimbi lisile ufukwe. Ukizikanyaga zinabonyea kama godoro la sufi.

Hatukuogelea Port-Pin. Binamu alisema tufike mwisho kwanza. Natamani ningemkatalia, natamani pia nisingemkatalia.

Likoni_Ferry_Survivor

Ngoja kidogo kabla hujafika mbali. Hizo hori unavyozieleza, refu, nyembamba, kina kirefu, zinaingia ndani ya nchi kavu, ni kama Kilindini na Tudor zetu? Ama Kilifi creek pale chini ya daraja?

MtotoWaMto

Asili yake ni ileile! Zamani yalikuwa mabonde ya mito. Enzi za barafu maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda, bahari ikawa chini zaidi ya mita 100 kuliko leo, mito ikachimba. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda ikayafunika mabonde. Tofauti ni kwamba zenu zina mikoko na tope, zile ni jiwe tupu mpaka chini.

Bin_Bukavu13

Ndugu, salamu kutoka Marseille. Miye niko hapa mwaka wa tisa sasa, na niko naifuata hii uzi tangu asubuhi. Kwa hiyo habari ya bahari kuwa chini, kuna pango moja huko katika zile calanques, Cosquer. Mlango wake uko mita 37 chini ya maji. Mzamiaji Henri Cosquer aliligundua 1985, na ndani kuna sehemu kavu yenye michoro ya watu wa kale: farasi, mikono ya watu, mpaka ndege wa baridi wanaofanana na pengwini. Wazamiaji watatu walikufa humo 1991, ndipo akalitangaza. Wale watu wa kale waliingia kwa miguu, bahari ilikuwa mbali kilomita kadhaa. Sasa mlango umefungwa. Tangu 2022 wametengeneza mfano wake hapa mjini, unalipa unaingia, hauhitaji kuzamia.

kaa_la_makumbi

Huu uzi unanifundisha kuliko shule niliyosoma.

Mkaguzi Mkuu

Haya lakini maji vipi? Uliingia hukuingia? Unatuzungusha.

MtotoWaMto

@Mkaguzi Mkuu umeanza kunogewa eeh.

Baada ya Port-Pin unapanda. Hapo ndipo matembezi yanakuwa kazi. Jua la saa 4 linapiga kwenye mawe meupe halafu mawe yanakurudishia usoni. Kivuli hakuna. Maji tulibeba lita 2 kwa watu wawili, nikiwa nimejipimia kwa hesabu za Pangani, ambako ukikauka koo unagonga mlango wowote. Kule hakuna mlango, hakuna bomba, hakuna kibanda. Ule mkate wa ufuta uliokuwa unatukwama kooni ndani ya basi uliondoka na nusu lita.

Juu kabisa unatokea kwenye tambarare, halafu ardhi inakatika. Unachungulia chini unaiona En-Vau: kuta mbili za mawe zimesimama wima, katikati ufa, ndani ya ufa maji ya buluu yanayoishia na kipande cha ufukwe mweupe kama ukucha. Watu chini wadogo kama siafu. Kwenye ukuta wa pili kuna wapanda miamba wananing'inia na kamba, na kinara kimoja cha jiwe kimechongoka peke yake, wanakiita Kidole cha Mungu.

Njia ya kushukia haistahili kuitwa njia. Ni korongo la mawe yaliyoporomoka, unashuka kwa mikono, miguu na makalio. Nyayo za watu kwa miaka mingi zimeyasugua yale mawe yakang'aa. Mnakumbuka vizingiti vya nyumba za zamani, jiwe limelika katikati, laini, unaweza kujiona? Ndivyo lilivyo kila jiwe pale, ila lina mteremko. Unaweka mguu unaona umeshika, unahamisha uzito, mguu unaondoka wenyewe. Nilijifunza kutafuta mawe machafu, yenye vumbi na ukoga mkavu, ambayo hayajakanyagwa sana. Hayo ndiyo yanashika. Yaliyo safi na mazuri ndiyo yanakuua.

Sandali ya binamu ilikatika katikati ya mteremko. Sikuiona, niliisikia, tap. Halafu nikamsikia yeye, maneno ambayo siwezi kuyaandika humu kuna wazee. Aliteleza kama mita 2, goti likachubuka, mkono ukadaka mzizi wa msonobari. Tukakaa hapohapo. Nikatoa kamba ya begi nikaifunga ile sandali kwenye mguu kama mfuko wa mkaa. Kibibi cha Kifaransa cha kama miaka 70 kikatupita kinashuka kama mbuzi, fimbo mbili mkononi, kikauliza kama tuko salama. Halafu kikauliza kama sisi ni Wakomoro.

Dada_Ughaibuni

😂😂😂 Hao wabibi wa kupanda milima ninawajua! Huku kwetu Bergen nako wapo, wanakupita wakikusalimia bila hata kuhema.

MtotoWaMto

Tumefika chini. Ufukwe wa En-Vau ni kokoto, si mchanga. Watu kama 60 hivi. Kimya kinachoshangaza, kwa sababu kuta zinarudisha kila sauti na watu wanaogopa sauti zao wenyewe.

Nikavua, nikaenda. Mtu wa Pangani haendi kwa kuchovya kidole, anaingia akitembea. Maji masafi mno, kokoto moja moja unaihesabu, nikaona chini pako hapa, ni maji ya kiunoni tu. Hatua ya kwanza miguu ikauma. Ya pili ikauma hadi kwenye mifupa. Ya tatu nikajitupa ili yaishe. Wakuu, pumzi ilitoka ikakataa kurudi. Kifua kimebana, mdomo uko wazi, hewa haiingii. Nikashusha mguu nikanyage nisimame, mguu ukakuta maji. Ile "kiunoni" ilikuwa imenipita kichwa! Maji yakiwa masafi vile jicho halijui kupima, yanakusogezea chini karibu.

Ninajua kuogelea tangu nina miaka 5. Nilivuka Mto Pangani kwa ubishi nikiwa darasa la sita, nikachapwa. Ila pale, sekunde kama 10, sikujua chochote. Nilirudi kokotoni kwa kupapatika kama bata. Binamu amekaa na goti lake anachuruzika machozi kwa kicheko. Sasa ndiyo nikaelewa alichokuwa anakicheka tangu siku ya kwanza. Miaka 6 pale, anajua.

Bin_Bukavu13

Ndugu, ni ile mistral. Inatoka bara inaenda baharini, inasukuma maji ya juu, yale yenye joto, inayapeleka mbali. Nafasi yake inajazwa na maji ya chini, ya baridi. Kwa hiyo siku moja au mbili baada ya upepo, bahari inashuka kutoka 23, 24 mpaka 15, 16, na jua linawaka vilevile. Watalii wanashangaa kila mwaka. Upepo uliowafungia njia ndio uliwapozea maji. Mungesubiri siku tatu nne mungeoga vizuri.

MtotoWaMto

@Bin_Bukavu13 ndiyo yenyewe. Niliambiwa hivyo baadaye na kijana mmoja wa kukodisha mitumbwi, nikajiona mjinga. Kwetu tunasoma kusi na kaskazi kwa ajili ya jahazi na samaki. Nani aliwahi kuuliza upepo kama maji yatakuwa ya moto au ya baridi? Sisi tunauliza kitu kimoja tu: maji yanajaa au yanapwa.

Na hapo ndipo penye aibu ya pili. Sikukubali kushindwa, nikarudi mara ya pili, safari hii taratibu kama bibi harusi. Nimelowesha mikono, shingo, kifua, nikasimama hadi pumzi ikatulia, ndipo nikajilaza. Nilikaa kama dakika 10. Na ikawa tamu kupita maelezo. Yale maji yana chumvi zaidi ya yetu, kama gramu 38 kwa lita, yetu ni 35, basi unaelea bila kujibidiisha. Nikalala chali katikati ya kuta mbili, juu utepe wa mbingu, masikio ndani ya maji, sisikii kitu ila moyo wangu mwenyewe unapiga ngoma kwa baridi.

Nikatoka, nikajianika kwenye jiwe. Baada ya kula nikaanza kukusanya vitu vyetu, begi, viatu, nguo, nikavipandisha juu karibu na ukuta. Familia moja jirani ikaniangalia. Binamu akauliza unafanya nini. Nikamwambia tumekaa karibu sana, maji yakijaa yataondoka na kila kitu.

"Maji hapa hayajai."

Sikumwamini. Mtu miaka 6 hajaoga baharini ataniambia nini? Nikachukua kokoto moja nyeusi, nikaiweka pale maji yalipokuwa yanalamba. Saa 7 na robo. Tumekaa, tumelala, nimeingia tena maji mara ya tatu. Saa 9 na nusu nikaenda kuangalia. Ile kokoto iko palepale. Labda imeloa kidogo zaidi upande mmoja. Zaidi ya saa mbili, bahari imesogea chini ya shubiri!

Kwetu saa mbili za bamvua mtu aliyeacha ndala kwenye mchanga anazifuata kwa mashua. Maji yetu yanapanda na kushuka mita 3 na ushee, ukitaka kwenda Maziwe lazima upigie hesabu maji, ukikosea unakuta kisiwa hakipo. Kule Mediterania tofauti ni kama sentimita 30. Ndiyo maana nyumba za Cassis zimekaa majini kabisa, ndiyo maana boti zinafungwa kamba fupi. Mjini Marseille kuna mtambo wa kupimia usawa wa bahari tangu 1885, na Wafaransa walipotaka sifuri ya kupimia urefu wa milima yao ya bara wakaichukua kwenye kipimo hicho cha Marseille. Bahari inayotulia kiasi cha kuwa rula.

BiHidaya

Subhanallah. Bahari isiyokupwa, sasa wanawake wa huko wanaokota chaza saa ngapi? 😄

Mwanangu nina swali la kweli. Binti yangu yuko Lille na anavaa stara. Ameniambia anaogopa kwenda baharini huko Ufaransa kwa ajili ya vazi la kuogelea la kujisitiri. Wewe uliona vipi?

Dada_Ughaibuni

Mama naomba nijibu mimi. Watu wanachanganya bwawa na bahari. Kwenye mabwawa ya manispaa masharti ya mavazi ni makali na mengi hayaruhusu. Ufukweni ni habari nyingine: Agosti 2016 kuna miji ilipiga marufuku, kesi ikafika mahakama ya juu ya utawala, tarehe 26 ikasimamisha katazo la mji wa Villeneuve-Loubet kwamba linavunja uhuru wa mtu. Baadhi ya mameya wanajaribu tena majira ya joto yakija, kwa hiyo aulizie mji anaokwenda.

MtotoWaMto

Nyongeza yangu: pale En-Vau alikuwepo dada mmoja amejisitiri kuanzia kichwani hadi kifundo cha mguu, anaogelea na wanawe. Na kwa yale maji nilimwonea wivu. Wazungu wenyewe nusu walivaa suti za mpira za wazamiaji.

Mkaguzi Mkuu

Gharama mkuu. Weka gharama acha mashairi.

MtotoWaMto

Hakuna kiingilio. Basi kwenda na kurudi, mikate miwili, jibini, matunda, chupa za maji tulizonunua Cassis wakati wa kurudi (tulizinywa tumesimama mbele ya friji ya watu): sisi wawili haikufika euro 25. Kinachouma ni kufika Ufaransa kwenyewe, viza peke yake ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na hawarudishi wakikunyima.

Ukitaka kuona bila kutoa jasho kuna boti zinatoka bandarini Cassis, zinakuzungusha kwenye hori tatu au zaidi. Ila hazikushushi. Unaona maji, unapiga picha, unarudi. Mimi naona bora ubaki hotelini.

Bin_Bukavu13

Na kwa atakayekuja: kuna hori ingine upande wa Marseille, Sugiton, watu wanaipenda kwa kuwa karibu na chuo na basi. Ilikuwa inaingia watu mpaka 2500 kwa siku, udongo ukaisha, miti ikabaki mizizi nje. Tangu 2022 wakati wa joto unahitaji kuandikisha mapema kwenye intaneti, bure, watu 400 tu kwa siku. Ukienda bila kuandikisha wanakurudisha. En-Vau hakuna kuandikisha, lakini angalia ramani ya moto jioni ya kabla. Na sigara usiwashe, hata siku ya mvua.

kaa_la_makumbi

Kurudi mlirudije na ile sandali ya kamba? Umeruka.

MtotoWaMto

Sikuruka, nilikuwa najisahaulisha.

Kupanda lile korongo ni afadhali kuliko kushuka, unaona unapoweka mguu. Shida ilikuwa maji, yalishaisha tangu mchana, na chumvi imekauka mwilini inawasha kama upupu. Binamu akawa anahesabu hatua 50, anakaa. 50, anakaa. Karibu na juu tukamkuta yule bibi wa fimbo mbili amekaa kivulini anamenya chungwa. Akatukatia nusu kwa nusu bila kuuliza kitu. Sijawahi kula chungwa kama lile. Binamu akamwambia kwa Kifaransa kwamba sisi si Wakomoro, ni Watanzania. Bibi akasema anaijua, Kilimanjaro, alipanda 1998.

Cassis tumefika saa 12 jioni. Lile jabali la Canaille limepigwa na jua la magharibi limekuwa jekundu kama kaa. Waokoaji wameondoka, ubao wameuacha. Maji: nyuzi 17. Imepanda moja!

Likoni_Ferry_Survivor

Huyo bibi ndiye star wa hii story, wewe ni extra tu 😂 Na binamu je? Ama ameapa hatakanyaga bahari tena?

MtotoWaMto

Nilidhani hivyo. Juzi kanitumia picha: viatu vipya vya kupandia milima, soli nene, bado vina karatasi ndani. Chini yake picha ya ramani ya kesho, njia wazi, na kaandika kwamba upepo haujavuma siku 6.

Mkaguzi Mkuu

Maji nyuzi ngapi?

MtotoWaMto

Hajasema. Namsubiri.